Mchongaji aliyezaliwa Tanga kwa ukoo wa Msumbiji: kazi yake ni ya wapi?

Mchongaji wa Muheza
Assalaam aleikum ndugu zangu. Babu yangu alivuka mto Ruvuma akitokea Mueda, Msumbiji, akaja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, na baba yangu akazaliwa kambini huku huku Muheza. Kimakonde nakisikia lakini kukisema kwanipa taabu. Kiswahili ndicho nilicholelewa nacho, na utoto wangu wote nimecheza na watoto wa Kibondei.

Nachonga mpingo, na siku hizi nimeanza kuuchanganya na singa za mkonge, kwa kuwa mkonge ndio uliotuleta huku. Wanunuzi wananiambia kazi hiyo si ya Kimakonde halisi, wanataka vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa katika ngoma ya jando, tena vya mpingo. Wazee wetu nao wananiuliza kwa nini nachonga mapiko ilhali sijawahi kuyacheza. Je, mimi niliyezaliwa huku nina haki ya kuzichukua alama za kule alikotoka babu, na nikizichukua nizifanye nini?

Mwalimu wa uchongaji, Bagamoyo
Waaleikum salaam, mwanangu. Hao wanaokudai Umakonde halisi wanasahau kwamba sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa jina hilo ilibuniwa huku Tanzania, na wahamiaji wakiwa mstari wa mbele. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, yaani sanamu za mizimu na majini, katika miaka ya 1950, na Roberto Yakobo Sangwani, aliyetokea Msumbiji, ndiye anayehusishwa na ule ambao watu hubebana katika gogo moja, ambao baadaye ukaitwa ujamaa, ukawa sura ya taifa hili mbele ya wageni. Isitoshe, mapiko huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji huyavaa kichwani. Anayekuagiza lipiko la mpingo anaagiza kitu kisichochezeka.

Swali la wazee ndilo zito. Mapiko yana miiko ya jando, na miiko hiyo ina wenyewe. Kabla hujachonga jingine, nenda ukakae nao, wakueleze kipi kinaonyeshwa hadharani na kipi hakionyeshwi. Haki unayoiuliza haipatikani kwa damu peke yake, wala kwa ufundi wa patasi. Hupatikana kwa kufunzwa.

Binti wa Ngamiani
Kaka, mimi nilizaliwa Tanga na sasa naishi Uingereza, kwa hiyo swali lako limenigusa sana. Itazame kazi ya msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kuchukuliwa Uingereza na mama yake angali mchanga; mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huku Uingereza. Katika kazi yake iitwayo Naming the Money, ya mwaka 2004, alisimamisha sanamu bapa 100 za mbao, zilizopakwa rangi, za Waafrika waliofanywa watumwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya, na kila mmoja anataja jina lake la kwao pamoja na lile alilobandikwa ugenini. Hakulifuta hata moja kati ya hayo mawili. Ndiyo maana singa zako nazithamini kuliko mapiko, kwa kuwa zinasema babu yako alifanya nini alipofika.

Mkazi wa Chumbageni
Naomba nitofautiane kidogo na dada. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao nao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na baada ya hapo ndipo walipotambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kwao suala la kuwa mwenyeji lilikuwa kitambulisho, ardhi na shule ya mtoto. Nahofia sanaa ikilibeba suala hili kwa ajili ya watalii tu, uhamaji wenyewe utageuka bidhaa. Maonyesho yako ya kwanza yafanye huko kambini, waliokata mkonge wayaone kabla ya mnunuzi yeyote.

Mchongaji wa Muheza
Nawashukuru nyote. Mapiko nayaweka kando hadi nizungumze na wazee, na ushauri wa kuanzia kambini nimeupokea kwa mikono miwili. Mwalimu, nakuomba jambo moja la ufundi: hewa ya pwani inazichakaza singa mapema, nami sipendi kuzipaka vanishi kwa sababu inaua rangi yake. Nyinyi huko Bagamoyo mnazihifadhije?