Masasisho yanamaliza bando na mengine yanakwama: nihamie Mint, Debian, au niyazime kabisa?

saiba_kondele (Kisumu)
Habari zenu wadau. Nina saiba hapa Kondele, mashine 12 ex-UK zenye RAM ya 4GB, zote zina Linux ya Ubuntu 22.04. Kazi ni ile mnayoijua: eCitizen (huduma za serikali), iTax (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), kuchapa na kuskani. Intaneti ni bando kwenye ruta moja, faiba haijafika kwenye jengo letu.

Nina shida tatu. Mashine tatu hazisasishi tena, apt (programu ya kusasisha) inalalamika kwamba faili ya Release "is not valid yet". Nyingine moja stima ilipotea ikiwa katikati ya sasisho, na sasa haikubali kuwekewa chochote. La tatu ndilo linaloniumiza mfukoni: zile nzima zinajishushia vitu zenyewe wateja wakiwa wamejaa, na nikitaka kuweka printa naambiwa kufuli la dpkg (kiwekaji cha programu) limeshikwa.

Jirani mwenye duka la simu ananiambia nizime masasisho yote, mashine zikae kimya. Mwingine anasema nihamie Linux ya Mint. Kuna aliyenitajia Debian. Nyinyi mnaozitumia mnaonaje? Nilinganishieni kama mtu wa bando, si mtu wa faiba.

Nyar_Dunga (Kisumu)
Mint Xfce (ile yenye eneo-kazi jepesi), jirani yangu. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, kwa hiyo masasisho ya usalama yapo hadi 2029, na haina Snap (mfumo wa Ubuntu wa programu zinazojisasisha zenyewe) mpaka uiweke mwenyewe. Meneja wake wa masasisho anakuonyesha ukubwa wa kila kitu kabla hujashusha. Unachukua yale yenye alama ya ngao, ambayo ni ya usalama, mengine unayaacha hadi siku bando likiwa limenona.

Na Timeshift imo tayari. Unahifadhi hali ya mfumo kabla ya kusasisha, mambo yakiharibika unairudisha. Ila ujue kwa kawaida inahifadhi mfumo tu, si kazi za watu. Mteja akipoteza CV yake usiitafute huko.

fundi_lanet (Nakuru)
Kabla hujahama popote, tibu ulicho nacho, maana shida mbili za kwanza zitakufuata hata Mint.

"Not valid yet" ni hivi: apt imesoma tarehe iliyo ndani ya faili ya Release, ikatazama saa ya mashine, ikaona faili imetoka siku ambayo bado haijafika. Kwa hiyo inaikataa, na inafanya vizuri. Anza kushuku betri ya ubao mama, ile CR2032. Mashine za ex-UK zina umri, na ukizima swichi kuu usiku saa inapoteza kumbukumbu. Dalili nyingine ni Firefox kulalamikia vyeti vya tovuti ambazo jana zilifunguka vizuri.

Andika `timedatectl`. Ukiona "System clock synchronized: no", basi hata saa ya mtandaoni haiifikii mashine. Jaribu `sudo timedatectl set-ntp true`, na ikigoma angalia kama ruta imefunga UDP 123, maana NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) hupitia hapo. Betri ubadilishe vyovyote vile. Kuna amri ya kuiambia apt ipuuze tarehe. Usiizoee, kwa sababu saa ikibaki mbovu vyeti vya iTax vitakusumbua tu.

Ile iliyokatikiwa stima:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Ikidai kuna faili ya .deb (kifurushi cha programu) iliyoharibika, `sudo apt clean` kisha rudia. Kama ilikuwa inaweka kerneli (kiini cha mfumo) na sasa haiwaki, shikilia Shift au gusa Esc inapoanza, ingia "Advanced options", chagua kerneli ya awali. Ubuntu huiacha pale kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kuhusu kufuli, tafadhali usifute `/var/lib/dpkg/lock-frontend` kama video nyingi zinavyofundisha. Limeshikwa kwa sababu unattended-upgrades (kisasishaji kinachojiendesha) iko kazini. Ukilifuta, programu mbili zitaandika hifadhidata moja kwa wakati mmoja, na hapo utakuwa na mashine ya pili ya kufufua. Ngoja imalize. Logi yake iko `/var/log/unattended-upgrades/` kama unataka kuona inafanya nini.

kaka_arch (Kakamega)
Mnamzungusha bure. Weka Arch. Haina toleo linaloisha muda, programu ni mpya kila wakati, hakuna habari ya kuhama kutoka 22 kwenda 24. Unasasisha kila wiki, basi.

fundi_lanet
Kwa laptopu yako, sawa kabisa. Kwa mashine 12 za bando, hiyo "kila wiki" itamfungisha duka. Halafu upya si usalama. Kumbuka xz (programu ya kubana faili), Machi 2024: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuja na mlango wa nyuma uliopandwa makusudi. Yaliingia Arch, Fedora Rawhide na matawi ya majaribio ya Debian, yaani testing na unstable. Debian stable haikuguswa, kwa sababu ilikuwa bado na toleo la zamani.

kaka_arch
Sema yote basi. Kwenye Arch sshd (programu ya SSH, ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao) haikuunganishwa na liblzma (maktaba ya xz), kwa hiyo mlango ule haukuwa na pa kufungukia. Na Andres Freund aliyeugundua alikuwa kwenye Debian unstable, akashangaa kuona SSH inachelewa kama nusu sekunde. Tungekuwa sote stable nani angeuona? Lakini kwa saiba nakubali, Arch si mahali pake.

Nyar_Dunga
Ndiyo maana tunawapenda watu wa Arch, endeleeni kuonja chakula kabla yetu.

mwalimu_webuye (Bungoma)
Mulembe. Nachangia kutoka upande wa maabara ya shule ambako hata bando ni anasa. Sisi tunatumia `apt-offline`. Kwenye mashine ya shule unatoa faili ya maombi (`apt-offline set`), unaibeba kwa flashi hadi mjini, unashusha vitu penye intaneti (`apt-offline get`), unarudi na kuviweka (`apt-offline install`). Saini za vifurushi hukaguliwa kama kawaida, hivyo flashi haiwi njia ya kuingiza uchafu. Kwa saiba ni kazi nyingi, lakini mjue ipo.

Swali langu: baadhi ya mashine zetu bado ni 20.04, iliyoishiwa na msaada wa kawaida Mei 2025. Nimesikia Ubuntu Pro ni ya bure. Ni kweli au kuna mtego?

fundi_lanet
Ni kweli, Mwalimu. Akaunti ya bure inabeba mashine 5, na 20.04 itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi 2030. Unachukua tokeni kwenye akaunti yako, unaandika `sudo pro attach` na tokeni hiyo. Zikizidi 5, ama ulipie ama upandishe toleo kwa `sudo do-release-upgrade`, ambayo hupita 22.04 kwanza ndipo 24.04. Hairuki.

saiba_kondele
Asante fundi. Nimefungua moja ya zile tatu, betri imekauka kabisa, na baada ya kuweka mpya na kurekebisha saa, apt imekubali. Ile ya stima nayo imepona kwa dpkg. Sasa nirudi kwenye swali. Kuna ubaya gani nikizima masasisho yote? Mashine zangu hazina siri yoyote, kila mteja akiondoka tunafuta.

fundi_lanet
Saiba ndiyo ya mwisho kabisa kuzima masasisho. Fikiria nani anakaa kwenye hicho kiti: mtu usiyemjua, mwenye flashi yake, kwenye akaunti ya kawaida. Januari 2022 ulitangazwa udhaifu wa PwnKit, CVE-2021-4034, ndani ya pkexec. Ulikuwapo tangu 2009, na ulimwezesha mtumiaji yeyote wa kawaida aliyeko kwenye mashine kuwa root (msimamizi mwenye mamlaka yote) bila nywila. Machi mwaka huohuo ikaja Dirty Pipe kwenye kerneli, nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mtu aliye peke yake nyumbani na laptopu yake haogopi sana kitu kama hicho, kwa sababu mshambuliaji lazima awe tayari ndani. Wewe unamfungulia mlango na kumkaribisha kwa shilingi kadhaa. Akishakuwa root anaacha programu ya kunasa vibonye, na mteja anayefuata anaandika nywila yake ya iTax. Wewe unafuta faili za wateja, yeye amekaa chini ya unapofutia.

Kwa hiyo masasisho ya usalama yabaki. Cha kubadilisha ni saa ya kushusha na idadi ya mara unazoshusha kitu kilekile.

Saa kwanza. Kwenye Ubuntu kuna kipima muda kiitwacho apt-daily.timer. Kimepangwa saa kumi na mbili asubuhi na jioni, na kinaongezewa ucheleweshaji wa kubahatisha wa muda unaoweza kufika saa 12 nzima. Mashine iliyolala imezimwa inalipa deni lake ikiwashwa. Ndiyo maana unaona zinashusha wakati wowote, hasa ukishafungua duka. Andika `sudo systemctl edit apt-daily.timer`, uweke:

`[Timer]`
`OnCalendar=`
`OnCalendar=*-*-* 19:30`
`RandomizedDelaySec=10m`
`Persistent=false`

Mstari wa OnCalendar ulio mtupu ni wa lazima, la sivyo saa za zamani zinabaki pamoja na mpya. Fanya hivyo pia kwa apt-daily-upgrade.timer, iwe 20:00. Saa moja na nusu usiku wateja wamepungua, zinashusha. Saa mbili zinaweka. Unazima unaenda nyumbani, na kesho zinawaka na kerneli mpya. Saiba haina tatizo la kuwasha upya kama lile la sava. Mkanye tu kijana wa duka asikate swichi kuu kabla ya mashine kuzima zenyewe, maana ndivyo zinavyoharibika.

Sasa idadi ya mara. Chagua mashine moja, yenye SSD kama unayo, uweke `apt-cacher-ng`. Nyingine zote zinaomba vifurushi kwake kupitia mlango (port) 3142. Ya kwanza ikiomba kerneli, inashushwa kwenye intaneti. Zile nyingine 10 zinaipata kwenye waya wa ndani bila kugusa bando. Kwenye kila mashine nyingine unaunda `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` yenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Weka anwani ya mashine yako hapo, na kwenye ruta uifunge anwani hiyo isibadilike.

Nyar_Dunga
Na hapo fundi amenisaidia bila kutaka. Kwenye Ubuntu 22.04 Firefox ni Snap, na Snap haipiti kwenye apt-cacher-ng. Kila mashine inajishushia Firefox yake. snapd hukagua mara nne kwa siku. Mint inatoa Firefox kama .deb ya kawaida, inashushwa mara moja kwa duka zima.

fundi_lanet
Hilo nakubali, dada. Kwa mtu wa mashine nyingi na bando moja hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa. Atakayebaki Ubuntu anaweza kuzuia kwa `sudo snap refresh --hold`, lakini basi amezuia pia masasisho ya usalama ya kivinjari, programu ambayo wateja wanaishi ndani yake mchana kutwa. Hiyo ni kama kufunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Debian nayo inapita kwenye cacher vizuri. Debian 13 ilitoka Agosti 2025, inatoa firefox-esr (Firefox ya msaada mrefu), na ina miaka mitatu ya timu ya usalama kisha LTS (msaada wa muda mrefu) hadi mitano. Ni nyepesi zaidi na inakaa kimya zaidi. Mimi binafsi ningeichagua. Ila kama anayekaa duka ni kijana asiyependa terminali, Mint itamfaa kuliko Debian, na sitabishana zaidi ya hapo.

Ambapo sikubaliani na dada ni kuchagua masasisho kwa mkono. Wiki ya HELB hakuna mtu atakayekumbuka kutazama ngao. Ndani ya mapendeleo ya meneja wa masasisho wa Mint kuna sehemu ya kuyafanya yajiendeshe. Iwashe.

Nyar_Dunga
Iwashe baada ya kuhakikisha Timeshift inafanya kazi. Nataka mtu awe na pa kurudi.

msoma_njoro (Nakuru)
Samahani kuingilia. Laptopu yangu baada ya sasisho la kerneli wifi imepotea, ni Broadcom. Nikirudi kerneli ya zamani inafanya kazi. Nisisasishe tena?

fundi_lanet
Sasisha. Dreva yako inajengwa upya na DKMS (chombo cha kujengea dreva) kila kerneli mpya ikija, na inaonekana ilishindwa, mara nyingi kwa kukosa headers (faili za kerneli zinazohitajika kujengea). Unganisha simu kwa waya wa USB ushiriki intaneti yake, weka `linux-headers-generic`, kisha `sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`. Tazama `dkms status`. Ikikataa, lete logi kwenye uzi wako mwenyewe tusimchanganye mwenye saiba.

saiba_kondele
Erokamano wote. Naenda Mint Xfce, kwa sababu ya Firefox na kwa sababu kijana wangu terminali anaiona kama adhabu. Nimeanza na zile mbili zenye SSD, moja ndiyo cacher. Ya pili ilishika vizuri hadi nilipoweka Chrome ya mteja mmoja aliyesisitiza. Sasa apt inasema 403, CONNECT imekataliwa.

fundi_lanet
Ghala la Chrome linatumia https, na cacher kwa kawaida haipitishi https. Ongeza mstari wa pili kwenye 01proxy:

`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Chrome itashushwa moja kwa moja na kila mashine, nje ya cacher. Kwa hiyo usiiweke zote.

saiba_kondele
Imekubali. Na cacher ikiwa imezimwa siku fulani?

fundi_lanet
Zote zitashindwa kusasisha siku hiyo, zitasema haziwezi kuunganika na 3142. Iwashe kwanza asubuhi, iwe ya mwisho kuzimwa. Ikifa kabisa, ondoa faili ya 01proxy na kila moja itarudi kushusha yenyewe.