Bima ya maisha ya kikundi kwa watumishi wa vyuo vikuu vya umma: je, ni lazima kisheria?

Mwalimu wa Ilazo
Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Dodoma. Mwezi uliopita tulimzika Mpwapwa mwenzetu aliyefariki kwa maradhi baada ya kukitumikia chuo kikuu cha umma kwa miaka 17. Mjane wake alinijia na bahasha yenye hati ya mwisho ya mshahara, akaniomba nimwoneshe palipoandikwa bima ya maisha. Tulipitisha kidole pamoja mstari kwa mstari: kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya, chama cha wafanyakazi, mkopo wa benki. Bima ya maisha haikuwamo. Je, sheria inamlazimisha mwajiri kuwakatia watumishi wake bima hiyo? Na kama haimlazimishi, shemeji yetu huyu adai wapi?

Afisa Utumishi Mstaafu
Poleni sana kwa msiba, Mwalimu. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ina orodha ya bima za lazima, na marekebisho ya 2022 yaliongeza masoko ya umma na majengo ya biashara, lakini maisha ya mtumishi hayamo. Kinachomfunga mwajiri ni michango miwili. Upo wa PSSSF, chini ya sheria ya mwaka 2018, ambao ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akitoa 15 na mtumishi 5, na humo ndimo yalimo mafao ya wategemezi wa marehemu; aanzie hapo. Upo pia wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaotolewa na mwajiri peke yake, ila Mfuko huo hulipa kifo kilichosababishwa na kazi tu, na dai hupelekwa ndani ya miezi 12.

Wakili wa Chamwino
Naongezea jambo ambalo wafiwa wengi hulikosa. Bima ya kikundi huweza kuwapo kwa uamuzi wa Baraza la Chuo au kwa mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi, na kwa kuwa ada yake kwa kawaida hulipwa na mwajiri mwenyewe, haionekani kwenye hati ya mshahara. Kwa hiyo msikate tamaa kwa sababu ya hati hiyo. Mjane aandike barua kuuliza kama siku ya kifo palikuwa na mkataba wa bima ulio hai, ni wa kampuni ipi, na unalipa mara ngapi ya mshahara wa mwaka.

Wenzetu wa Nigeria waliliweka jambo hili katika Sheria ya Mageuzi ya Pensheni ya mwaka 2014: mwajiri anayehusika na sheria hiyo hana budi kumkatia kila mfanyakazi bima ya maisha isiyopungua mara tatu ya jumla ya malipo yake ya mwaka. Natamani nasi tufike huko, kwa sababu haki inayotegemea bajeti ya mwaka ni haki dhaifu. Chuo chenye mkataba nacho kiangalie ukomo wa umri, maana maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma hustaafu wakiwa na miaka 65, na mkataba unaokomea miaka 60 unawaacha nje.

Katibu wa Tawi
Tafadhali ombeni pia kuona fomu ya wanufaika. Wengi wetu tuliijaza siku ya kuripoti kazini, tukiwa hatujaoa wala kuolewa, na hatukuirudia tena.

Mwalimu wa Ilazo
Nawashukuru kwa dhati. Leo tumekwenda masijala na kukuta fomu hiyo, imejazwa kwa wino wa bluu uliofifia, na mnufaika pekee ni kaka wa marehemu. Tulimpigia simu pale pale, naye amekubali kuja Jumatatu kuongozana na shemeji yake hadi Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri la mirathi. Barua ya kuuliza kuhusu bima imepokelewa, na nakala yetu imegongwa muhuri.