Snapshoti ya mashine pepe: ni bakapu ya hifadhidata, au tunajidanganya?

Mwanzisha mada: Wakuu, kuna jibu linanichosha. Kila nikiuliza bakapu (nakala ya akiba) ya hifadhidata iko wapi, watu wa seva wananiambia, "Mashine nzima tunaipiga snapshoti kila usiku, usijali." Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine pepe (kompyuta iliyo ndani ya kompyuta nyingine) ilivyo wakati huo, mimi nasema si bakapu. Snapshoti ya VMware, programu ya kuendesha mashine pepe, inategemea diski mama, ile ya asili. Ikifa mama, nayo imekufa. Wenye VMware wenyewe wanashauri isikae zaidi ya saa 72. Hifadhidata ichukuliwe nakala kwa zana zake yenyewe, basi. Nipingeni.

Mtu wa seva: Nakupinga. Kwetu snapshoti ni mlango tu. Programu ya bakapu inaipiga, inanakili diski kwenda stoo nyingine, kisha inaifuta. Seva ikiungua, mimi nakuwashia mashine yenye mfumo, programu, mipangilio na data, vyote kwa mpigo. Wewe na dampu lako (nakala ya data peke yake) ndiyo kwanza utakuwa unasakinisha mfumo, huku unauliza nani anakumbuka ile mipangilio.

Mwanzisha mada: Kwenye kunakili nje umenishika. Ila wakati unapiga, hifadhidata ilikuwa katikati ya kuandika, na mengine bado yako kwenye RAM. Ukirejesha, ni sawa na mashine iliyokatikiwa umeme.

Msimamizi wa hifadhidata: Kukatikiwa umeme si kiyama. Hifadhidata kama PostgreSQL, na MySQL yenye injini ya InnoDB, zimejengwa kwa ajili ya siku hiyo: badiliko linaandikwa kwenye logi (daftari la mabadiliko) kwanza, na hifadhidata ikiamka inasoma logi na kujinyoosha. Balaa ni pale data iko diski moja na logi diski nyingine, halafu snapshoti zao zimepishana hata sekunde moja. Majedwali ya MyISAM, injini ya zamani ya MySQL, ndiyo hayana logi hiyo kabisa. Kwenye Windows, VSS (huduma yake ya kupiga snapshoti) inaiomba SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, itulie kidogo. Kwenye Linux mara nyingi skripti za kabla na baada ya snapshoti unaandika mwenyewe, na mnajua wangapi huziandika.

Ugomvi wangu mimi ni wa saa. Mtu ameendesha DELETE, amri ya kufuta, saa nne na nusu asubuhi akasahau WHERE, sehemu inayotaja kipi kifutwe. Bakapu ya usiku inakurudisha usiku, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Mwenye logi zilizohifadhiwa anarudi hadi saa nne na dakika 29. Na SQL Server ikiwa kwenye hali ya urejeshaji kamili, bila bakapu ya logi yenyewe, faili la logi linavimba mpaka diski ijae.

Mtu wa seva: Na GitLab, ile huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, je? Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi alifuta saraka ya data ya PostgreSQL kwenye seva kuu. Dampu, hizo mnazozisifu, zilikuwa zinafeli kimyakimya kwa sababu zana ilikuwa toleo 9.2 na hifadhidata 9.6. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski.

Msimamizi wa hifadhidata: Iliyopigwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa! Na data ya hizo saa 6 ilipotea. Ile ilikuwa bahati, ndugu yangu.

Mchangiaji mwingine: Mimi siko upande wowote, ila kuwasha mashine nzima kuna mtego ambao hamjautaja. Tuliwahi kurejesha moja kwa majaribio. Ikaamka ikidhani ni jana, ikakuta foleni ya ankara, ikawatumia wateja zote upya.

Mtu wa seva: Hilo ni kosa la kuiwasha ikiwa kwenye mtandao.

Mchangiaji mwingine: Ndiyo. Sisi tulidhani mtaichomoa nyie watu wa seva, nanyi mkadhani sisi.

Mwanzisha mada: Basi nalegeza kamba. Mashine nzima kila usiku ni yenu. Logi kila dakika 15 ni yangu, zinakwenda stoo ambayo nywila yake si hii ya seva, maana virusi vya kudai fidia huanza na bakapu. Siku ya kurejesha nani anatoa amri?

Mtu wa seva: Wewe. Nitaiwasha bila kadi ya mtandao, uzime kazi za ratiba na ukague data. Ukiniandikia kwamba iko sawa ndipo naichomeka. Ila hizo dakika 15 nazipinga: stoo ya kuzitunza logi zote hizo ni ya nani?