Nasser Road wamenibadilishia fonti (mtindo wa herufi) bila kuniuliza, stika 600 zote zimeharibika!!

Wadau naandika hapa nikiwa na hasira kweli kweli. Nauza asali, naitoa Arua napaki mwenyewe hapa Kampala kwenye chupa za nusu kilo. Wiki iliyopita nikapeleka faili la lebo kwenye duka moja la uchapaji Nasser Road, PDF safi, herufi za kawaida zinazosomeka, nikalipa nusu nikaenda zangu. Jana nafuata mzigo, maandishi yoteee yamegeuzwa fonti ya Papyrus, yaani mafunjo!

Namuuliza kijana wa kompyuta kulikoni, ananijibu eti ssebo (bwana), asali ni kitu cha asili, ile yako ilikuwa kama ya dawa za hospitali, hii ndiyo ina Uafrika. Uafrika upi? Hiyo fonti kaichora Mmarekani, Chris Costello, 1982, kijana wa miaka 23, miezi kama 6 anachora kwa mkono na kalamu ya kaligrafia huku akiwaza maandishi ya Mashariki ya Kati ya miaka 2000 iliyopita, kampuni ya herufi ya Letraset wakaitoa 1983. Mafunjo yenyewe ndiyo tunayo, yamejaa pale kwenye kinamasi cha Lubigi watu wanasukia mikeka, ila fonti imechukua jina tu. Imeenea kwa sababu ilikuja na kompyuta bila kununua, ndiyo maana kila saluni, kila kanisa, kila kampuni ya kupeleka wazungu kuona sokwe wameibandika.

Na sisemi ni mbaya. Andika neno moja, ASALI, kubwa la upana wa kiganja, zile kingo zilizoliwaliwa zinapendeza, unaona kama wino umekwama kwenye nyuzi za karatasi. Imechorwa kwa hiyo kazi, bango, jalada, jina la juu. Huyu kaishusha mpaka kwenye tarehe ya kuisha na namba ya simu, herufi ndogo kama punje ya mchele, tena karatasi ya kaki na wino wa kahawia! Kingo zimekuwa uchafu mtupu, wino umetanda ukaziba matundu ya a na e, 3 na 8 hazina tofauti. Mama mmoja mwenye duka Ntinda kavaa miwani, kaisogeza chupa mlangoni kwenye mwanga, kaigeuza geuza, kisha ananiuliza "mwanangu, hii inaisha lini?" Katoni zangu 4 akazirudisha, na ana haki, mteja akilalamika ni yeye atakayebanwa.

Sasa wanataka niongeze hela ndo waprinti upya. Siongezi hata shilingi! Ujumbe ninao kwenye WhatsApp, nimeandika USIBADILISHE KITU, na kajibu sawa. Usiku huu niko na beseni la maji ya moto nabandua stika moja moja, vidole vimenata gundi. Anayejua mchapaji anayeprinti ulichompelekea bila kugusa herufi anitajie, hata awe Mukono namfuata.