Sanderson au Jemisin? Dada anarudi kutoka Nairobi, nimwagize seti ipi

Mwana_Kirumba (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu yuko Nairobi kikazi na mwisho wa wiki anapanda basi kurudi Mwanza kupitia Sirari. Ameniambia nichague seti moja ya riwaya za fantasia, moja tu maana begi limejaa. Nimekwama kati ya mbili: zile tatu za Mistborn za Brandon Sanderson, au zile tatu za N. K. Jemisin zinazoanza na The Fifth Season. Ninachotafuta ni uchawi wenye kanuni, siyo mtu anapunga fimbo na mambo yananyooka. Waliosoma naomba msaada. Nawasilisha.

Fundi_Igoma
Sanderson, na wala usiumize kichwa. Katika Mistborn mtu anameza chembe za metali kutoka kwenye kichupa, halafu anaziunguza tumboni. Kila metali ina kazi yake. Bati linanoa macho na masikio. Chuma kinavuta metali nyingine ije kwako, chuma cha pua kinaisukuma. Na hapa ndipo utamu ulipo: ukisukuma kitu chepesi, kinaruka chenyewe; ukisukuma kitu kizito kukuzidi, unarushwa wewe. Ndiyo maana wahusika wanadondosha sarafu chini, wanaisukuma, wanapaa juu ya mapaa ya mji mzima. Metali ikiisha tumboni, kazi imeisha. Mimi nashinda na chuma kutwa nzima hapa Igoma, na niliposoma kurasa hizo nilimkubali yule bwana. Hakuna anachokipata mhusika bila kukilipia.

Tena ana kanuni aliyoiandika mwaka 2007: mwandishi anaweza kutatua tatizo kwa uchawi kwa kadiri ile ile msomaji alivyouelewa uchawi huo. Ukishaijua, waandishi wengi utawaona wanadanganya.

Binti_Nansio
Mleta mada, hapa unatufanya tupige ramli. Anayesoma ni nani, wewe au mtu mwingine? Ana umri gani? Kiingereza chake kikoje? Ameshasoma nini kabla? Bila hayo kila mtu humu atakutajia kitabu anachokipenda yeye, kama Fundi alivyokwishaanza.

Mwana_Kirumba
Msomaji ni mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka 13, kidato cha kwanza. Kiingereza anasoma vizuri kunizidi. Mimi nitasoma baada yake.

Binti_Nansio
Basi mada imebadilika kabisa. Kwangu Jemisin ndiye mkubwa kuliko wote walio hai katika uandishi huu. Alichukua tuzo ya Hugo, ile kubwa ya fantasia na hadithi za sayansi, kwa riwaya bora mwaka 2016, 2017 na 2018, vitabu vyote vitatu vya seti hiyo, na kabla yake hakuna aliyewahi kushinda miaka mitatu mfululizo. Uchawi wake ni wa ardhi. Watu wanaoitwa orojeni wanaweza kutuliza tetemeko au kulianzisha, lakini nguvu lazima itoke mahali. Wanachota joto lililowazunguka, na ndani ya duara hilo ardhi inaganda barafu, aliyesimama karibu anakufa. Ukikaa mji huu wenye majabali kila kona ukasoma habari hizo, unayaangalia mawe kwa macho mengine.

Ila kitabu kinafunguka na mama anayekuta mwanawe mdogo ameuawa kwa kipigo, na aliyemuua ni baba mzazi, kisa kagundua mtoto ana nguvu hizo. Binti wa miaka 13 mimi nisingempa. Msubirishe afike kidato cha tano.

Mzee_wa_Isamilo
Vijana, nasoma kimya lakini hili siwezi kulipita. Kanda hii yetu tumezika bibi zetu kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni na wa samadi walizopikia maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamewindwa, watoto wamekatwa viungo kwa sababu ya maneno ya waganga. Huko Marekani uchawi ni hadithi ya kulalia. Huku kwetu neno hilo lina damu. Kwa nini mtoto apelekewe uchawi kama burudani? Mnunulieni kitabu cha sayansi.

Binti_Nansio
Shikamoo mzee wangu. Uliyoyasema ni kweli, na mimi nimekulia Ukerewe, nayajua. Lakini ndiyo sababu hasa nampenda Jemisin. Hadithi yake inamhusu mtu anayezaliwa tofauti, na majirani wale wale waliokula naye wanamgeuka mara tu wanapomtambua. Orojeni wengi wanauawa kwa hofu ya watu tu, hata kabla hawajafanya uovu wowote. Sijasoma kitabu kingine kilichonionyesha kwa undani namna kijiji kizima kinavyojishawishi kuua na kuona kimetenda haki.

Mzee_wa_Isamilo
Marahaba binti. Hapo umenipa la kufikiria. Bado nasema umri wake ni mdogo.

Mwalimu_Malimbe
Naomba niingize jina la tatu ambalo nashangaa halijatajwa. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kitabu chake Akata Witch cha mwaka 2011 kinamhusu Sunny, binti wa miaka 12 anayeishi mji wa Aba, na Sunny ana ualbino. Mzee, soma vizuri hapo: mwenye ualbino ndiye shujaa, na adui ni mtu anayeteka watoto kwa ajili ya kafara. Anatiwa nguvu yule yule ambaye huku kwetu amewindwa. Nilikisoma nikiwa na wanafunzi wangu akilini, tena mmoja wao hasa, aliyekuwa hatoki darasani wakati wa mapumziko.

Na kanuni anazotaka mleta mada zimo. Ukijifunza jambo jipya, vipande vya metali vinavyoitwa chittim vinadondoka kutoka hewani miguuni pako. Ndiyo fedha yao. Huwezi kuipata kwa kurithi wala kwa kunyang'anya mtu maarifa, unaipata kwa kuelewa. Angalizo kwa dada: kitabu hicho hicho kimechapwa pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Asije akabeba vyote viwili akidhani ni seti.

Fundi_Igoma
Mwalimu, nakuheshimu, ila hiyo ni njia ya kulipwa, siyo kanuni ya uchawi. Nini kinawezekana na nini hakiwezekani? Kwa Sanderson najua kabla ya pambano nani ana metali gani tumboni. Kwa Okorafor binti anapiga kisu hewani, neno linatamkwa, basi.

Mwalimu_Malimbe
Fundi, siyo kila uchawi lazima upimwe kwa mizani. Mwingine unatakiwa ubaki na giza kidogo.

Kasuku_wa_Capripoint
Chochote mtakachoamua, msinunue seti ambayo mwandishi hajaimaliza. Mimi niliangukia kwa Patrick Rothfuss. Cha kwanza kilitoka 2007, cha pili 2011, cha tatu mpaka leo hakuna. Na uchawi wake ni mzuri mno, ndiyo maana unauma. Unaunganisha vitu viwili kwa akili, ukinyanyua kimoja na cha pili kinanyanyuka, ila nguvu nyingine inapotea njiani. Ukikosa moto wa kuchotea unachota joto la damu yako mwenyewe, na baridi inaweza kukuua.

Hicho cha pili nilikinunua mitumba kwa muuzaji mmoja wa mjini. Kinene, jalada safi, nikalipa bila kupunguziwa. Nikaanza kukisoma kwenye meli ya kwenda Nansio, ziwa limetulia, nikazama kabisa. Katikati ya sehemu nzuri nafunua ukurasa, nakuta nimerudi nyuma kurasa thelathini na kitu. Nikadhani upepo umefunua. Kumbe kiwandani wameshona fungu moja mara mbili na fungu linalofuata halimo kabisa. Niliporudi kwa muuzaji akasema vitabu havirudishwi, kwa nini sikuhesabu kurasa dukani. Nikamwomba basi anisaidie kupata kingine hata kwa nusu bei, akanigeuzia mgongo akaendelea na mteja mwingine. Yaliyomo katika kurasa zile nilikuja kusimuliwa na rafiki kwa simu. Kwa hiyo mwambie dada akague mishono kabla ya kutoa hela, hata kama kitabu ni kipya.

Fundi_Igoma
Pole sana Kasuku. Lakini ona tofauti: Robert Jordan alifariki 2007 bila kumaliza mfululizo wake wa fantasia, The Wheel of Time, na aliyekabidhiwa kazi ni Sanderson huyu huyu. Kitabu cha 14 kikatoka 2013. Mtu anayemaliza hata kazi ya marehemu, wewe unamwacha?

Binti_Nansio
Kumaliza siyo kuandika vizuri, Fundi. Sentensi zake ni kavu. Kama ni kitabu chembamba cha binti wa miaka 13 na cha mtu wa ziwa, kwa nini hakuna aliyemtaja Ursula Le Guin? A Wizard of Earthsea, 1968. Dunia nzima ni visiwa, watu wanasafiri kwa mashua, shujaa ana ngozi ya kahawia. Na uchawi unatakiwa kulinda mizani: ukiita mvua kisiwa hiki, huenda umeleta ukame kisiwa kile. Mvuvi wa Ukara hahitaji kufafanuliwa hilo.

Mwalimu_Malimbe
Na tukishafika Ukerewe, tutampita Kezilahabi? Alizaliwa Namagondo. Wengi wanaishia Rosa Mistika, lakini kwenye Nagona ya mwaka 1990 msafiri anakutana na wanafalsafa waliokufa zamani, na wakati wenyewe haunyooki. Hiyo ni fantasia yetu, kwa lugha yetu.

Kasuku_wa_Capripoint
Nagona unaipata wapi hapa Mwanza? Nimeulizia mjini kote.

Mwalimu_Malimbe
Nakala yangu ipo ila haitoki nyumbani. Njoo usomee barazani.

Mwana_Kirumba
Wakuu nashukuru, ila niliingia na majina mawili, sasa ninayo matano. Dada amepiga, anataka jibu kabla hajaingia dukani kesho mchana. Basi linafika Nyamhongolo Jumapili asubuhi.

Mzee_wa_Isamilo
Hicho cha binti mwenye ualbino, kikifika, naomba nikisome kwanza mimi kabla ya mtoto.

Fundi_Igoma
Mistborn zangu naweza kukuazima zote tatu, kwa hiyo usizinunue. Ila swali la Binti bado hujalijibu: huyo mdogo wako ameshasoma nini kabla?