Bandage, odgi au Sequence Tube Map: ipi inaeleweka kwa wasio wa fani?

Kijana_wa_Maabara: Habari wakuu. Wiki ijayo nawasilisha grafu ya jenomu (DNA yote ya kiumbe ikiwa vipande vilivyounganishwa kwa njia) na nataka programu moja ya kuichora. Bandage nimeijaribu, mchoro umetoka kama nyavu iliyojisokota. Nichukue ipi?

MamaData: Jenomu ya nini? Sampuli ngapi? Watazamaji ni nani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Kijana_wa_Maabara: Samahani. Ni Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, sampuli 12, mbele ya waganga wakuu wa wilaya. Nataka waone vimelea vilivyopoteza jeni ya hrp2 kwenye kromosomu ya 8. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini yake. Ikikosekana, mgonjwa anaweza kuambiwa hana malaria kumbe anayo.

Fundi_Kodi: Sequence Tube Map, usihangaike. Kila sampuli ni mstari wenye rangi yake, kama ramani ya mwendokasi. Zenye jeni zinapita kituoni, zilizoipoteza zinakiruka.

Mzee_GFA: Hazikiruki, mkuu. Hrp2 iko karibu na ncha ya kromosomu, na mara nyingi kipande chote mpaka nchani huondoka. Mstari utakatika tu, na watu watadhani picha haijamaliza kufunguka. Tumia odgi viz: sampuli zinapangwa safu kwa safu, pasipo na kitu panabaki peupe. Pengo linaonekana kama jino lililong'oka.

MamaData: Programu yoyote, chunga rangi. Mwaka juzi niliwaonyesha madaktari grafu ya bakteria kwa Bandage, nikaacha rangi zilezile inazogawa kibahati. Kipande kimoja kirefu kikaangukia nyekundu. Daktari wa mstari wa mbele akanyoosha kidole: "Hicho chekundu ndicho usugu wa dawa?" Nikamwambia hapana, rangi hizo hazina maana. Akauliza tena: "Na pale DNA imejifunga fundo?" Nikaeleza kwamba programu ndiyo iliyokikunja kipande ili kienee kwenye skrini. Muda wangu ukaishia hapo, jeni yenyewe sikuifikia. Iliniuma sana. Siku hizi vyote navipaka kijivu, rangi naiweka kwenye kile ninachokizungumzia tu.

Mwl_Biolojia: Hata neno "grafu" linapotosha. Watu wanasubiri nguzo za takwimu. Sema "mtandao wa njia".

Fundi_Kodi: Ukisema mtandao wataelewa intaneti, mwalimu. Bora "ramani".

Mwl_Biolojia: Ramani ina umbali na mwelekeo. Huu mchoro wa Bandage hauna, kilicho karibu na kingine kimesukumwa tu pale. Ndiyo maana yule daktari aliona fundo.

Kijana_wa_Maabara: Naelekea odgi. Ila sampuli 2 zimesomwa kwa kina kidogo, yaani DNA yake ilipitiwa mara chache, pengo lake sina uhakika nalo.

MamaData: Mdogo wangu, hilo ungelitaja mwanzo! Jeni iliyopotea na jeni ambayo haikusomwa zote zitatoka nyeupe. Zitenge hizo 2, au zipake mistari ya mshazari. Zimesomwa mara ngapi kwa wastani?

Kijana_wa_Maabara: Ngoja nirudi maabara niangalie.