Kwa nini naweza kufunga Ramadhani nzima lakini nashindwa kuacha sigara?

Muulizaji, Tanga

Ndugu zangu, assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Nina umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na nilianza kuvuta sigara nikiwa sekondari. Kwa sasa namaliza karibu pakiti moja kwa siku. Nimejaribu kuacha zaidi ya mara moja, na kila mara nimerudia ndani ya wiki ya kwanza. Kinachonitatiza ni kwamba kila Ramadhani nakaa tangu alfajiri hadi magharibi bila hata kipisi kimoja, na mchana siteseki sana, ila adhana ikishatoka natafuta kiberiti kabla sijamaliza tende. Ikiwa mwili unaweza kuvumilia saa 13, kwa nini unashindwa kuvumilia siku 13?

Swali la pili ni hili. Baba yangu mdogo alivuta hadi alipofariki akiwa amepita miaka 80, na mimi mwenyewe sina kikohozi wala kifua hakinibani. Je, kuna ubaya gani nikisubiri hadi dalili zijitokeze, au hadi nifike miaka 45 hivi, maisha yakiwa yametulia, ndipo niache? Naomba majibu ya wenye elimu na ya waliokwisha kuyapitia haya.

Muuguzi wa kliniki ya kifua

Wa aleikum salaam, kaka. Nitaanza na saumu, kwa sababu ndani yake mna jibu la sehemu kubwa ya swali lako.

Moshi unapovutwa, nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mtumwa wa sigara, hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde chache tu, ikashika vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na kuufanya ubongo utoe dopamini, kemikali ambayo huleta ile hali ya raha. Kwa mtu aliyevuta kwa miaka mingi, ubongo huongeza idadi ya vipokezi hivyo, na vyote hudai kushibishwa. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo inapofika alasiri wewe uliyefunga umebakiwa na kidogo sana. Mchana unavumilia kwa sababu nia umekwisha kuiweka, nyumba nzima imefunga, hakuna anayewasha mbele yako, na unaijua saa ya kufungulia. Hamu ya sigara huamshwa sana na mazingira: harufu, kikombe cha kahawa, rafiki anayekunyooshea pakiti. Mchana wa Ramadhani vichocheo hivyo huwa vimeondolewa karibu vyote, na usiku vinarudi pamoja na sigara yenyewe. Ndiyo maana siku 30 za saumu hazikuachishi: ubongo unahitaji wiki kadhaa mfululizo bila nikotini ili upunguze vile vipokezi vya ziada, nawe kila magharibi unavilisha upya.

Mateso ya kuacha huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Mtu huwa na ghadhabu, hukosa usingizi, hushindwa kutuliza mawazo, huona njaa isiyokwisha, na wengine hupata choo kigumu. Unaporudia katika wiki ya kwanza, unarudia palepale penye kilele, na wengi hurudia hapo hapo. Ukiyajua hayo mapema utaweza kujipangia: usiianze wiki hiyo wakati una msiba, safari au hesabu za kufunga mwaka kazini.

Sasa kuhusu kusubiri. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na matokeo ya miaka 50 yakachapishwa mwaka 2004. Wanaume waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wenzao ambao hawakuvuta kamwe. Waliokoma wakiwa na umri wa miaka 60 waliokoa takriban miaka 3, wa miaka 50 waliokoa 6, wa miaka 40 waliokoa 9, na waliokoma wakiwa na miaka 30 walikaribia kuiokoa yote 10. Utafiti mwingine mkubwa wa wanawake nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba aliyeacha kabla ya miaka 40 alikwepa zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya ziada ya kifo. Wewe una miaka 34. Umri wa miaka 45 unaoutaja uko upande wa pili wa mstari huo, na hiyo miaka 11 ya kuvuta iliyo katikati unaweza kujiepusha nayo ukianza sasa.

Kusubiri dalili naona ni hatari zaidi kuliko kusubiri umri. Mapafu yana akiba kubwa, na mtu hupoteza sehemu yake kubwa kabla hajaanza kuhema kwa kupanda ngazi. Anayeacha hupunguza kasi ya uharibifu hadi ikaribie ile ya asiyevuta, lakini kile kilichokwisha kupotea hakirudi. Wagonjwa ninaowapokea kliniki wakiwa na mtungi wa oksijeni nao walikuwa wakisubiri dalili.

Baba yako mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa waliosalimika. Katika wavutaji wasioacha, karibu nusu hufa kwa sababu ya tumbaku. Aliyesalimika tunamwona barazani hadi uzeeni na tunamtolea mfano. Aliyefariki akiwa na miaka 55 kwa moyo au kwa saratani hayupo barazani kutupa mfano wake. Vilevile, hapa kwetu kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila siku, na mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua na ya kufa kwa ugonjwa huo. Nao watoto wako wawili wanauvuta moshi wako: huwaongezea pumu, nimonia na maradhi ya masikio.

Mzee wa Mombasa

Mwanangu, dada muuguzi amekwambia ya mwili, nami nitakuongezea ya kijiweni, kwa kuwa niliacha nikiwa na miaka 41 baada ya kuvuta tangu ujana.

Kilichonirudisha mara zote ni sigara ya kuuziwa moja moja. Hapa Kenya sheria ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau kumi, lakini kibandani bado utaipata moja, na kiberiti kimefungwa kwa uzi pembeni. Mtu hawezi kujishawishi kwa urahisi anunue pakiti nzima wakati amekwisha kuazimia kuacha, ila moja huonekana si kitu. Nilibadilisha njia ya kutoka kazini ili nisipite penye kibanda nilichokizoea, na wenzangu wa barazani niliwaambia wazi kwamba nimeacha na wasinipe hata nikiomba. Wawili walinicheka, mmoja aliacha pamoja nami.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni kahawa. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuiondoa kafeini mwilini. Ukiacha sigara na ukabaki na vikombe vile vile vya kahawa chungu, kafeini hukaa zaidi katika damu, mikono inatetemeka na usingizi unakataa, nawe unadhani mwili unadai sigara. Mimi nilipunguza kahawa kwa nusu nikapata usingizi.

Mama wa nyumbani, Morogoro

Kaka, mwambie mkeo siku utakayoanza. Mume wangu alipoacha bila kutuambia, siku ya tatu aligombana na kila mtu, hata na mtoto aliyeangusha kijiko, nasi hatukujua ana nini. Tungalijua, tungalimwachia nafasi na kumwondolea maneno ya fedha na ada kwa wiki hiyo.

Muulizaji, Tanga

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee wangu wa Mombasa. Dada muuguzi, je, nikishuka hadi sigara moja au mbili kwa siku na kubaki hapo, si nitakuwa nimeondoa sehemu kubwa ya madhara?

Muuguzi wa kliniki ya kifua

Kwa saratani ya mapafu utapunguza hatari, ingawa hutaiondoa. Kwa moyo hesabu haiendi hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Tena anayebaki na mbili huzivuta kwa pumzi ndefu zaidi, na vipokezi havipati nafasi ya kupungua. Kupunguza ni njia nzuri ikiwa umepanga siku ya kufika sifuri, kwa mfano baada ya wiki mbili. Ukiacha kabisa, hatari ya ziada ya moyo hushuka kwa takriban nusu baada ya mwaka mmoja.

Mfamasia

Naomba niongeze kuhusu dawa, kwa sababu ndugu yetu anajaribu kwa azma peke yake, na wanaofanya hivyo kwa mkupuo mmoja hufanikiwa wachache sana, kama watatu hadi watano katika kila mia. Plasta za nikotini zinazobandikwa kwenye ngozi na bigijii za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 viliongezwa vidonge vya bupropioni na vareniklini, ambavyo navyo husaidia kuacha. Hizi mbili za mwisho zinahitaji daktari, na bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Ukikosa plasta katika duka dogo la dawa, uliza katika maduka makubwa ya mjini au hospitali ya mkoa.

Plasta ya kutwa pamoja na bigijii ya kutuliza hamu ya ghafla hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Ikiwa sigara yako ya kwanza huja ndani ya nusu saa baada ya kuamka, anza na bigijii ya miligramu 4. Kama huja baadaye, miligramu 2 zinatosha. Usiitafune kama bigijii ya kawaida. Itafune polepole hadi usikie ukali, kisha ipumzishe kati ya shavu na ufizi mpaka ukali upungue, utafune tena, na uendelee hivyo kwa nusu saa. Kahawa, soda na juisi huzuia nikotini isipite kwenye ngozi ya mdomo, kwa hiyo uviache dakika 15 kabla ya kuitafuna na wakati ungali nayo mdomoni.